Honi ya Kasanda

Hapo zamani, simu zikiwa bado hazijaingia mifukoni mwa watu, treni ilikatiza barabara ya Mwasele bila kusimama. Ilipiga honi tu, ikaenda zake.

Kando ya reli aliishi Bi Nyamizi, mjane mwenye mtoto wa jicho, haoni ila vivuli. Mwanawe wa pekee, Kasanda, ndiye aliyeiendesha treni ile. Akifika pale hupiga honi ndefu, halafu fupi. Mama huitika jikoni, "Nimekusikia, baba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Jirani yake, Sijaona, alikuwa na mtoto mwenye kifafa. Honi ikilia, mtoto huanguka. Akaomba honi ikome. Watu wa reli wakasema: tutaweka kizuizi na mlinzi, ila majirani wote wakubali. Wakakubali. Bi Nyamizi naye akakubali. Utamkataliaje mwenye mgonjwa? Ya moyoni hakuyasema.

Kimya kikaingia. Kimya kibaya kile, jamani.

Mlinzi, Mzee Lugusha, alimwambia Bi Nyamizi kila treni ilipopita, "Kasanda mzima, amepunga mkono." Hakumwamini. Mumewe alipofariki safarini, Lugusha huyu huyu alimwambia, "Twende, anaumwa kidogo," kama tunavyofanya sote. Alikuta kaburi limeshachimbwa. Sasa neno "mzima" kinywani mwa Lugusha aliliona msiba. Akaacha kula.

Lugusha akaogopa. Akamtumia Kasanda ujumbe: "Mama yako anakulilia matanga."

Kasanda alijua katazo. Akapiga: ndefu, halafu fupi. Mama akacheka peke yake jikoni. Kwa jirani, mtoto akaangukia jiko la mkaa, akaungua mkono. Sijaona akashtaki. Kasanda akafukuzwa kazi, akaenda kutafuta riziki machimboni, mbali sana.

Sijaona akasema, "Nilimkinga mwanangu. Bi Nyamizi angenieleza honi ile ni salamu, tungetafuta njia nyingine."

Lugusha akasema, "Mimi nilisema kweli, akaikataa."

Kasanda alisema akiaga, "Mama alikuwa anakufa. Ningefanyaje?"

Na Bi Nyamizi akasema, "Niliona haya kumnyima mwenzangu."

Tangu hapo treni hupita kimya, na anayeiendesha si mwanawe. Lugusha bado humpitia mlangoni: "Huko aliko, mzima."

Haya, nyie mnaopenda kuhukumu, msinitazame mimi. Je, ni nani aliyemwacha Bi Nyamizi peke yake?