Nyimbo Kumi na Moja za Tupokigwe

"Fundi hasomi moyo, husoma karatasi." Mmeisikia huko kazini, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni basi. Chimbuko lake ni hili.

Tukuyu alikuwepo Mzee Ambakisye, na mkewe Tupokigwe, mwimbaji wa nyimbo za kubembeleza watoto. Mama huyo akiimba, mvua ya Tukuyu, isiyomheshimu hata askofu, ilikuwa inasimama kusikiliza. Msinibishie, nilikuwepo mimi, si nyinyi.

Alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye simu ya mumewe: nyimbo kumi na moja. Mzee akataka ziwekwe kwenye tovuti, wajukuu walio mbali wazisikie. Akamwendea Atuganile, binti aliyetengeneza tovuti ya matangazo ya kanisa.

Atuganile akampa karatasi. "Baba, niandikie kila kitu. Nani atasikiliza, nini kibaki, kibaki mpaka lini."

Mzee akaona haya. Kwetu, kumwelekeza fundi kazi yake ni kumtukana. Akaandika mstari mmoja: Tovuti nzuri, kama ile ya kanisa.

"Ni haya tu, Baba?"

"Mwanangu, nimfundishe kuku kutaga?"

Wakacheka. Binti naye akaona haya kumuuliza mzee mara ya pili. Akajenga kama ya kanisa, hakupunguza kitu.

Wajukuu walisikiliza, wakapiga simu wakilia. Mzee akajua nyimbo zimepata kwao. Akazifuta kwenye simu, apate nafasi ya picha za kitukuu.

Sasa, tangazo la kanisa hujifuta lenyewe likitimiza siku tisini. Nani anataka tangazo la harusi iliyokwisha?

Siku ya tisini na moja mzee alibisha hodi kwa Atuganile. "Mwanangu, mama yako hatokei tena kwenye tovuti."

Binti alitafuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hakupata hata wimbo mmoja. Mwisho akaketi sakafuni. "Baba, uliandika kama ya kanisa. Hukuandika zibaki."

"Ningeandikaje? Nani huandika kwamba anataka mkewe abaki?"

Atuganile akalia. Mzee akaiomba ile karatasi. Akaiangalia, mstari mmoja juu, chini kote kweupe.

"Nafasi ilikuwepo," akasema. Kisha akamfuta binti machozi kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Fundi hasomi moyo. Husoma karatasi."