Zamu ya Nakundwa

Kinyongo hakimwagilii shamba. Maneno hayo mmeyasikia leo kanisani, mzee wa kanisa alipowapatanisha wale ndugu wawili, nanyi mmenifuata mpaka jikoni kwangu kuniuliza yalitoka wapi. Haya, kaeni. Nitakwenda polepole, maana pumzi yangu si ile ya zamani. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu milimani Upare, maji ya kijito tuliyakusanya usiku kucha katika ndiva, bwawa letu lenye ukuta wa mawe na udongo. Asubuhi gogo lililoziba tundu lilitolewa, maji yakashuka kwa mfereji hadi kwa mwenye zamu. Kila nyumba ilikuwa na siku yake. Kumwibia mtu zamu kulikuwa sawa na kumpokonya tonge mdomoni.

Mwaka mmoja wa ukame, kijana aitwaye Eliamani aliona maharage yake yanakauka na zamu yake bado iko mbali. Jumapili, sisi tukiwa ibadani, akaenda ndivani akang'oa gogo. Alikusudia kufungulia kidogo tu, kisha azibe. Maji yakamshinda. Tundu lilipanuka, ukuta ukabomoka, bwawa zima likaporomokea mashamba ya chini. Tulipotoka kanisani tulikuta tope, na Eliamani ameshakimbilia tambarare, kwenye mashamba ya mkonge.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Nakundwa, mjane. Mahindi yake yalizolewa yote, na udongo nao ukaenda, yakabaki mawe. Njaa ya mwaka ule ilimlazimisha kumtoa shuleni binti yake wa pekee, Namsifu, akaenda Tanga kufanya kazi za nyumbani. Barua zilikuja, kisha zikapungua, kisha tukasikia ameolewa huko huko. Nakundwa akabaki na jembe lake, akilifufua shamba kati ya yale mawe.

Mwaka wa nne Eliamani akarudi. Alikuwa amekonda, anakohoa, viganja vimepasuka kwa mkonge. Alisimama mbele ya usharika akatubu kwa sauti ambayo nusu yetu hatukuisikia. Mchungaji akamwombea. Tukasema amina, tukaenda zetu. Lakini Mzee Senkondo, msimamizi wa zamu, alimwambia waziwazi kwamba maji hatapata. Hakuna aliyempinga. Mimi pia sikumpinga.

Basi kila asubuhi Eliamani alikwenda ndivani kubeba mawe na kuziba nyufa za ukuta tuliokuwa tumeujenga upya. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemsalimu. Jioni alirudi kwenye kishamba alichoachiwa na marehemu mama yake, akayatazama mahindi yakijikunja majani.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya Nakundwa. Nilikuwa nasafisha mfereji, nikamwona amesimama pale mfereji unapogawanyika. Akainua jembe, akakata tuta, na maji yakageuka kuelekea kwa Eliamani. Mzee Senkondo alikuja mbio.

"Nakundwa, unafanya nini?"

"Nagawa maji yangu."

"Unampa huyu? Umemsahau Namsifu?"

Nakundwa aliegemea mpini wa jembe. Alikuwa amechoka, wajukuu zangu, na uchovu ule haukuanza siku ile.

"Sijamsahau hata siku moja," akasema. "Kinyongo changu kwa huyu kijana nalala nacho, naamka nacho. Mwaka wa nne huu nakibeba, na hakijanilowanishia hata tuta moja. Kinyongo hakimwagilii shamba, Mzee. Zamu ni yangu, nami nimechagua."

"Na mahindi yako?"

"Yatakunywa nusu."

Eliamani alikuwa ameshasikia maji. Akaja akasimama mbali kidogo, kichwa chini.

"Mama, mimi sistahili maji haya."

"Sijakuuliza kama unastahili. Nakuuliza, umesafisha vijifereji vyako? Maji yanapotea."

Hakuwa amevisafisha, angesafisha kwa ajili ya maji gani? Akapiga magoti akachimba kwa mikono, analia huku akiyaongoza maji tuta kwa tuta. Nakundwa hakungoja shukrani. Alichukua jembe akaenda kumwagilia nusu yake.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Nakundwa alivuna kidogo sana mwaka ule. Mzee Senkondo alikaa misimu miwili kabla ya kuitikia salamu ya Eliamani. Na mimi, zamu yangu ilipofika, nilisimama pale penye mgawanyiko kitambo kirefu, nikimwona akilini Namsifu akishuka mlima na kifurushi chake, siku ile alipokwenda Tanga. Mwishowe nikatoa robo. Ilikuwa chini ya alichotoa Nakundwa, lakini nilitoa. Jirani yangu akatoa, na wa pili akatoa. Kufikia masika iliyofuata Eliamani alikuwa na siku yake kama watu wengine.

Kubeba mawe hakuacha. Na Nakundwa alipoishiwa nguvu za kuinua jembe, ni Eliamani aliyelima shamba lake na kulimwagilia, mwaka baada ya mwaka, hadi tulipomzika mama yule.

Basi mkiyasikia tena maneno hayo, kumbukeni kwamba aliyeyasema kwanza alikuwa na kila sababu ya kukataa, na bado alikata lile tuta. Kinyongo hakimwagilii shamba.