Sanduku la Chumba cha Eda

Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye simu aizime, maana nikishaanza sirudii. Leo nawapa watu watatu. Mwisho mtanirudishia mmoja.

Wa kwanza ni Somoe, mwenye masikio. Wewe ukinong'ona jikoni, yeye yuko chumbani anakusikia, na hakuambii kwamba amekusikia. Wa pili ni Bi Mwatumu, mfua nguo, mwenye ulimi. Mwanamume wa kubishana naye akashinda hajazaliwa, na mama yake anaogopa kumzaa. Wa tatu ni Chilumba, mlinzi wa geti, mwenye macho. Kuku wa jirani akipita na punje mdomoni, Chilumba anajua ni ya mtama au ya mahindi, na imeibwa kwa nani.

Wote watatu walikula ndani ya ukuta mmoja, ukuta wa Mheshimiwa Ngwele, mbunge wa Namtule. Somoe alikuwa dada yake, tumbo moja.

Sasa sikilizeni Somoe alivyoingia humo. Mumewe, Hashimu, alikuwa mtunza hazina wa ushirika wa wakulima wa korosho. Mwaka ule wakulima walikatwa fedha za salfa ya kupulizia mikorosho. Salfa haikuja. Ubwiri, ule ukungu wa mikorosho, ukashuka, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, na mikorosho ikasimama mitupu. Kampuni iliyolipwa ilikuwa ya Mheshimiwa, ingawa kibao chake kilibeba jina la shemeji yake. Serikali ikafungua uchunguzi. Hashimu, aliyekuwa akiweka sahihi anapoambiwa aweke, presha ikampanda, akafa hajaulizwa swali hata moja.

Nyumba aliyomwachia mkewe ilikuwa ya ushirika. Mheshimiwa akaja msibani na gari lake, akasema mbele ya watu, "Dada yangu atakaa eda kwangu." Watu wakamsifu mpaka wakakauka makoo. Kaka mwenye huruma! Hata mimi ningemsifu, kama ningekuwa mjinga kidogo zaidi.

Mnajua eda. Mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, na mwanamume asiye wake haingii chumbani mwake. Somoe akapewa chumba cha nyuma, kitanda, mkeka na ndoo. Siku ileile akasikia kitu kikiburuzwa juu ya saruji. Kaka yake alikuwa amepiga magoti, anasukuma sanduku la bati chini ya kitanda.

"Vikorokoro vya watoto, dada. Havitakusumbua."

Somoe akaitikia, "Haya kaka." Lakini sanduku la vikorokoro linagonga. Hili lilikuwa linakwaruza kwa ndani, kama karatasi zilizobanana.

Haukupita muda, polisi wakaja na hati ya upekuzi. Wakapekua ofisi, wakapekua stoo, wakapekua mpaka banda la kuku. Walipofika mlango wa nyuma, Mheshimiwa akatanua mikono.

"Humo yumo dada yangu, ana eda. Mwanaume gani wa kwenu ataingia kumtazama mjane na nguo zake? Ingieni! Na mimi niwaite watu wa msikitini waje kuwaona."

Polisi wale walikuwa watoto wa pwani ileile. Wakavua kofia, wakarudi nyuma kana kwamba wameona nyoka.

Mwendesha mashtaka wa kesi ile alikuwa mwanamke, Wakili Nsia, ametoka bara. Akaomba arudi na askari wa kike. Wapi! Maneno yalishafika mtaani. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaimba kwamba serikali inawavua nguo wajane. Mkubwa wake akampigia simu: uchaguzi uko karibu, nyumba ile usiiguse tena, nyaraka za fedha Mheshimiwa atazileta mwenyewe. Mwenyewe! Nyie mlishamwona mwizi akijitwika gunia kulipeleka kituoni?

Somoe alisikia yote. Na asubuhi moja, kupitia ukutani, akasikia kubwa kuliko yote. Kaka yake alikuwa anaongea na wakili wake wa utetezi.

"Siku anapotolewa eda, kwetu mkeka na nguo za mjane zinachomwa. Sanduku litaingia humohumo. Moshi wa eda nani anauuliza? Na salfa yote tunamtwisha Hashimu. Yeye ataitwa mahakamani kutoka wapi, kaburini?"

Hapo ndipo Somoe alipojua amefungwa wapi. Akikaa kimya, siku ya kutoka eda ndiyo siku ya mumewe kuwa mwizi milele. Akipiga kelele, aliyesimama mlangoni ni kaka yake, na nyumba ni ya kaka yake, na chakula ni cha kaka yake. Akakaa kitandani na sanduku chini yake, mchana kutwa, mikono mapajani.

Somoe ndiye aliyefungua. Kufuli ilikuwa ngumu, lakini mwenye kuweka kufuli husahau bawaba. Akachukua mpini wa kijiko cha uji, akazungusha skrubu za bawaba kidogo kidogo, kila Mheshimiwa anapowasha redio sebuleni. Humo akakuta taarifa za benki, stakabadhi, na barua zenye sahihi ya kaka yake. Bila yeye, karatasi zile zingekuwa majivu.

Bi Mwatumu ndiye aliyebeba. Nguo za mwenye eda hazifuliwi pamoja na za watu, kwa hiyo yeye alikuwa akizichukua kwenda kufulia kwake. Alipoona Somoe anakunja karatasi ndani ya kanga, akamtazama, akasema, "Mwanangu, mimi nafua uchafu wa nyumba hii tangu babu yako hajaota mvi. Leta." Akawa anatoka na furushi kichwani, anamtukana kila anayemsogelea: "Sogea huko, hizi nguo za eda, unataka na mkeo azivae?" Mashuka ya nyumba ya wageni alikofikia Wakili Nsia alikuwa akiyafua yeye pia, na katikati ya mashuka hayo karatasi zilifika. Bila yeye, zingebaki kwenye kanga za mjane.

Chilumba ndiye aliyefumba macho. Siku ya furushi la mwisho, fundo lilifunguka palepale getini. Kanga ikaanguka mchangani, na juu ya kanga karatasi yenye muhuri wa benki na jina la Mheshimiwa. Bi Mwatumu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na la kusema. Chilumba akaitazama karatasi. Mikorosho ya baba yake ilikuwa imeungua na ubwiri mwaka ule, na mshahara wake ulitoka mfukoni mwa mtu aliyeiunguza. Akainama, akaikunja kanga na karatasi ndani yake, akalifunga furushi vizuri.

"Bibi, nguo zako zinaanguka. Nenda nazo taratibu."

Ni yeye aliyegusa nguo za mwenye eda, mwanamume yule, na hakunawa. Bila yeye, wote wangekamatwa getini.

Karatasi zilipotimia mkononi mwa Wakili Nsia, Mheshimiwa akakamatwa jioni. Asubuhi yake mahakama ikampa dhamana, maana waheshimiwa hawalali ndani kama nyie. Akatoka, akaenda moja kwa moja ofisi ya chama kusalimia watu.

Saa hizo hizo Wakili Nsia akaingia uani kwa Mheshimiwa, amejitanda kanga kama mwanamke anayekuja kumpa mjane pole. Chilumba akamfungulia, kisha akaja kusimama nje ya dirisha la chumba cha nyuma. Bi Mwatumu alikuwa ndani na beseni lake.

"Shikamoo bibi," Nsia akasema.

"Marahaba. Sema upesi, hatuna chai."

Nsia akasema. Mheshimiwa ameonyeshwa nyaraka zote. Atakuja kuvuta sanduku, alikute limeng'oka bawaba. Na watu wanaofika chumba kile, na anayewapitisha getini, anawajua, hahitaji mganga. Wote wanne wakamkumbuka dereva wa ushirika, aliyesema sana kuhusu salfa. Dereva alikutwa mtoni, maiti, polisi wakaandika kwamba aliteleza.

"Ofisi imenipa nafasi moja ya kumficha shahidi. Nyumba iko mbali, hata mimi sijaambiwa wapi. Mtu mmoja."

"Gari lako lina viti vinne, nimelihesabu," Chilumba akasema dirishani.

"Kuwatoa hapa naweza. Halafu nikawashushe wapi? Kwa ndugu zenu? Ndugu zenu wote anawajua, ndio waliompigia kura. Nimeomba nafasi tatu, nimeandikiwa moja. Na wa kumwandika mimi sichagui. Semeni nyie."

Bi Mwatumu akaweka beseni chini.

"Msinitazame kama mnanisubiri niseme mimi mzee, niacheni nife. Sisemi. Nataka kuishi kama nyie. Nimepita geti lile na kifungo cha jela kichwani kila nilipopita. Huyu alifungua akiwa amekaa kitandani. Yule alifumba macho mara moja. Mimi nilitembea."

"Mara moja, bibi, lakini mimi ndiye mwanaume," Chilumba akasema. "Nyie atawapigia kelele, atawafukuza. Mimi ataniita msaliti aliyekula mkate wake. Dereva yule alikuwa mwanaume. Na nina mke na watoto kwenye chumba cha getini."

"Mke na watoto wanaingia kwenye nafasi ya mtu mmoja?" Bi Mwatumu akamuuliza.

Chilumba akatazama upande wa chumba chake.

Wakamgeukia Somoe. Alikuwa bado amekaa juu ya kitanda, sanduku tupu chini yake.

"Mimi yeye ni kaka yangu," akasema polepole. "Labda hataniua. Ataniweka. Ijumaa eda yangu inakwisha, mlango huu utafunguliwa na yeye atakuwa amesimama mlangoni, na sitatoka tena mpaka nizikwe. Na nikiondoka leo, watasema nimeikimbia eda ya mume wangu. Jina lake lisafike, langu lichafuke." Akajifuta uso. "Lakini bila mimi, Wakili, ungekuwa na nini? Ungekuwa na simu ya mkubwa wako."

"Kweli," Nsia akasema.

"Na bila miguu yangu?"

"Kweli, bibi."

"Na bila macho yangu?"

"Kweli na wewe."

"Kumbe ukweli tunao wote," Bi Mwatumu akasema, "ila nafasi ndiyo moja. Haya, Somoe. Wewe ndiye uliyeanza. Andika wewe, na nikikutukana usinisikilize."

Chilumba akaitikia dirishani kwa kichwa. Nsia akatoa kalamu na karatasi yenye mstari mmoja mtupu, akamwekea Somoe mapajani. Somoe akaishika kalamu. Akamtazama mama mtu mzima aliyebeba, akamtazama baba wa watoto aliyefumba macho, akaitazama mikono yake mwenyewe.

Na masikio yake, yale yasiyokosa kitu, yakasikia kabla ya wote: gari la kaka yake linapunguza mwendo barabarani. Honi ikalia. Ikalia tena. Chilumba akageuza uso getini, ambako kazi yake ilikuwa inamwita, lakini miguu haikunyanyuka.

Mimi naishia hapo, kwenye honi ya tatu. Kalamu hiyo, nawapa nyie mliokunja miguu mnanitazama. Mngemwandika nani? Na wale wawili mnaowaacha ndani ya ukuta ule, mngewaambia nini wakati geti linafunguliwa?