Samaki wa Shomari

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana nami niliipokea hivyohivyo, palikuwa na mji mdogo kando ya mbuga za mpunga. Mvua ikinyesha, mbuga zilijaa madimbwi, na ndani ya madimbwi walitokea samaki wadogo, urefu wa kidole. Dume lao lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva. Kiangazi kikija, dimbwi lilikauka na samaki hawapo. Mvua ikirudi, wapo. Watu wa mji ule walisema samaki wale huanguka na mvua. Wakishasema hivyo walikwenda kulala, na wala hakuna aliyeamka akauliza zaidi.

Tena walisema samaki wa dimbwi hafugiki. Ukimpeleka nyumbani leo, kesho unamtupa.

Basi Shomari, mtoto wa pekee wa Bi Mwanamize, alimkamata dume mmoja. Akatafuta chupa pana ya dukani, ile ya kuwekea kashata, akatia chini tope la dimbwi lilelile na juu yake maji ya dimbwi lilelile, akamtia samaki wake. Akaileta nyumbani ameikumbatia. "Mama, nimekuletea mgeni," akasema, na mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Wiki haikwisha, homa ikamshika Shomari, na homa ile haikumwachia. Wakamzika. Samaki akabaki, anazunguka ndani ya chupa.

Bi Mwanamize alikuwa amenuia kwenda hija pamoja na mwanawe. Akaona heri aende peke yake, amwombee huko. Siku ya kuondoka aliwaita watu watatu waliokaa naye. Wa kwanza Siwema, binti wa shemeji yake. Siwema alikuwa yatima aliyelelewa nyumba hii mwezi, nyumba ile mwaka, na hapa ndipo kwa mara ya kwanza alipopata msumari wake mwenyewe wa kutundika kanga. Wa pili Faraji, mtoto wa kaka yake, mkulima wa mpunga mwenye huruma mpaka kwa panya. Wa tatu Kidawa, mtoto wa dada yake. Huyo, Mungu alimjalia vitu viwili kwa wingi, uvivu na maswali. Ukimtuma maji, kwanza atakuuliza kisima kilichimbwa na nani.

"Wanangu," akasema Bi Mwanamize, "Shomari hakuniachia kingine ila huyu. Msimchanganye na kitu. Nikirudi nikamkuta, aliyeniwekea ndiye mwenye nyumba hii." Akatia funguo kibindoni, akaenda zake.

Faraji alikuwa na shamba la baba yake. Kidawa alikuwa na mama. Siwema alikuwa na ule msumari tu. Kwa hiyo kazi aliishika Siwema.

Na ilikuwa kazi, msidhani. Alipombadilishia maji mara ya kwanza aliteka kisimani, uani palepale, na kisima chao kilikuwa na chumvi. Samaki akalala ubavu. Siwema akakimbia mtoni na ndoo, akarudi anahema, akamwokoa. Tangu hapo akawa anateka mtoni, anayaacha maji kivulini mpaka yatulie, ndipo anamimina kidogo kidogo. Akampa chembe za wali, akakataa. Akampa mkate, akakataa. Siwema akapiga magoti mbele ya chupa asubuhi nzima akimtazama, anajiuliza huyu kiumbe anataka nini. Mbu akaangukia majini, akapapatika, akamezwa. Kumbe kisichotikisika kwake si chakula. Siwema akatega vifuu vya maji nyuma ya jiko ili vizae viluwiluwi vya mbu, na majirani wakamjia juu.

"Siwema, wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga mbu?"

"Wenzangu wana nyumba," akajibu Siwema, akaendelea kuchota.

Siku moja akamkuta samaki mkekani, karuka nje, kajaa vumbi. Akamrudisha, na kuanzia siku hiyo chupa ikafunikwa kawa. Kila alfajiri aliifunua, akainama, akasema: "Umeamkaje, mgeni?" Na samaki akapanda juu kumtazama.

Faraji naye akatoka shamba na kibuyu. Ndani mlikuwa na samaki jike, rangi ya udongo, hana sura wala umbo.

"Mama alisema asichanganywe," akasema Siwema.

"Shangazi alisema mengi. Hata yeye upweke ndio uliompeleka hija. Wewe huoni anavyozunguka mwenyewe?" Faraji akamtumbukiza jike kabla hajajibiwa.

Mwekundu akamkimbiza jike yule chupa nzima, mpaka Siwema akatia kigae cha chungu apate kujifichia. Midomo ya kulisha ikawa miwili. Ila mara nyingine samaki wale walikuwa wakishuka pamoja hadi kwenye tope, wakabanana, wakatetemeka kidogo, wakaachana.

"Wanafanya nini pale chini?" akauliza Kidawa.

"Wanacheza. Kaniletee maji."

Kiangazi kikaingia. Jike akafa. Baada yake mwekundu akaanza kupauka, mgongo ukapinda, viluwiluwi vikampita mbele ya mdomo asivifuate. Alfajiri moja Siwema akafunua kawa, akainama. "Umeamkaje, mgeni?" Mgeni hakupanda.

Siwema alilia kilio cha msiba. Hakujua kwamba samaki yule umri wake wote ni msimu mmoja, na kwamba alikuwa ameumaliza wote bila kudhulumiwa hata siku. Nani angemwambia? Yeye alidhani amemuua. Akamzika chini ya mdimu, akamwambia Kidawa: "Hilo tope katupe jaani, chupa uioshe." Kisha akaingia ndani, akautazama msumari wake.

Kidawa akalibeba tope mpaka nyuma ya jiko. Jaa lilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Akalimwaga kwenye chungu kibovu, akasema kesho. Mnaijua kesho ya mvivu. Tope likakauka likapasuka, na Kidawa bado anasema kesho.

Mvua za vuli zikaanza. Kidawa alipelekwa mbugani kufukuza ndege, na badala ya kufukuza ndege akachutama kando ya dimbwi. Juzi lilikuwa vumbi. Leo lina samaki wachanga.

"Wameanguka na mvua," akaambiwa.

"Mbona hawaanguki njiani? Mbona hawaanguki paani? Mbona kila mwaka wanaanguka hapa tu, penye tope?" Aliwauliza wakubwa, aliwauliza wadogo, mpaka wakawa wakimwona kwa mbali wanabadili njia. Ndipo alipokumbuka wale wawili, na ule mchezo wao wa chini; je, kama walikuwa wakitaga topeni? Akarudi mbio, yule aliyekuwa haendi hata jaani. Akalirudisha tope ndani ya chupa, akalimiminia maji ya mvua, akakaa hapo. Kesho yake majini mlikuwa na vitu vyembamba kama nyuzi, na nyuzi zile zilikuwa na macho.

Alimwita Siwema. Siwema akatazama mara moja. "Huyo siye," akasema. Kidawa alipomuuliza wanakula nini, Siwema alinyoosha kidole kwenye vifuu, akageuka. Moyo wake ulikuwa umekwisha. Basi Kidawa, aliyekuwa haamki kabla ya jua, akaanza kuamka. Wachanga wengine wakafa, madume yalipopata rangi yakapigana, na mwishowe akabaki mmoja. Mwekundu kama pilipili iliyoiva.

Na Bi Mwanamize akarudi.

Hakunywa hata maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye chupa, akafunua kawa, na samaki akapanda juu kumtazama. Bi Mwanamize akashika ukuta. "Mwanangu kaningoja," akasema, huku machozi yanamdondoka. Akatoa funguo, akazitia mkononi mwa Siwema. "Nilijua ni wewe. Nyumba ni yako."

Faraji alifungua kinywa, Kidawa akamfinya. Nani angethubutu kuivunja furaha ile? Siwema akazikunja funguo kiganjani. Zilikuwa na joto la kibindo cha Bi Mwanamize. Hakupata kupewa kitu kizito namna ile, na alitamani azishike mpaka kufa.

"Mama," akasema, "huyu siye. Yule alikufa mikononi mwangu. Yuko chini ya mdimu." Akazirudisha funguo.

Bi Mwanamize alikwenda mdimuni, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa na swali. "Basi huyu katoka wapi?"

Wakamweleza. Na kila mmoja akasema lake.

Siwema akasema: "Ulisema tumtunze. Nilimtunza mpaka pumzi yake ya mwisho, na sikukaidi neno lako hata moja. Asingeishi, hata tope lisingezaa. Bila mimi, chupa ingekuwa tupu."

Faraji akasema: "Angetunzwa mpaka azeeke, angekufa tasa. Kwa kaidi yangu alipata mke, na kwa mke alipata mtoto. Bila mimi, chupa ingekuwa tupu."

Kidawa akasema: "Mimi sikufanya kitu, ndiyo kweli. Niliona uvivu kwenda jaani. Lakini aliyetii angetupa uzao mzima, na msiouliza mngebaki mnatazama mawingu. Tena huyu unayemwona nimemlisha mimi. Bila mimi, chupa ingekuwa tupu."

Majirani wakaingilia. Huyu akasema sharti lilikuwa samaki yule, na yule kafa, hakuna mrithi. Huyu akasema damu ya samaki yule si samaki yule, lakini mwenye mjukuu haitwi tasa. Jirani aliyelalamikia vifuu akasema mpeni Siwema, kwa ule ukweli peke yake. Mwingine akamkata: ukweli ni deni la kila mtu, tangu lini ukalipwa nyumba? Kikongwe mmoja akakumbusha kuwa tope lenyewe alilitia marehemu.

"Marehemu hahitaji nyumba," akasema Bi Mwanamize. "Nami sitaki kumzika samaki wa pili nikiwa na funguo mkononi. Kabla huyu hajafa, ziwe zimepata mwenyewe."

Basi tazameni walipo. Funguo zimelazwa juu ya kawa. Faraji amekwisha kwenda mbugani na kibuyu chake, amerudi, na safari hii hakuna aliyemzuia. Kidawa amelala kando ya chungu kibovu, anakitunzia tope lijalo, asije mtu akakitupa. Siwema ameutoa msumari wake ukutani, ameufunga pembeni ya kanga, tayari kwa lolote. Alfajiri anainama kama zamani: "Umeamkaje, mgeni?" Mgeni anapanda juu, ila polepole, na wekundu wake umeanza kupauka mkiani.

Wewe uliyekuwa unanong'ona hapo tangu nilipoanza, sema sasa kwa sauti. Mtiifu aliyempoteza na akasema kweli, mkaidi aliyempa uzao, au mvivu aliyeuliza? Je, nani anastahili zile funguo? Jibu upesi, samaki hakungoji.