Mzigo wa Mwadime

Ngano inakuja!
— Ije!
Inakuja na vumbi miguuni!
— Ije, tuioshe!

Hapo kale palikuwa na kijana aitwaye Mwadime, na mama wa mkewe, Bi Wakesho. Na kwa watu wale, mkwe haangaliwi usoni. Mkwe haguswi. Mkwe akipita njiani, unaingia kichakani mpaka apotee.

Basi Mkawasi, mke wa Mwadime, akashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza, mtoto hatoki. Akalia, "Nileteeni mama yangu!" Mama yuko ng'ambo ya Korongo la Ngurumo, na njia ni moja, kushuka na kupanda kutwa nzima. Nani wa kumleta? Mwadime huyo akavuka. Kulipokucha wakaanza kurudi, yeye na mkwewe.

Mwadime mbele, hageuki. Mkwe nyuma, amejifunika shuka mpaka usoni, anaona vidole vya miguu yake tu.

Wakateremka kwenye kokoto, kokoto zinawatoroka chini ya nyayo.
"Mama, upo?"
"Nipo, baba. Twende."

Wakavuka mto, wakapanda mawe yaliyolowa maji ya maporomoko.
"Mama, upo?"
"Nipo, baba. Twende."

Wakafika Ukingoni. Lo! Njia ni upana wa unyayo. Kulia ukuta mwekundu, ukiutazama mpaka juu shingo inauma. Kushoto hakuna kitu. Tai wanaruka, jamani, na wanaruka chini yao! Wewe hapo, umewahi kuuona mgongo wa tai anayeruka?

"Mama, upo?"
Kimya.
"Mama, upo?"
Kimya.

Mwadime moyo ukamruka. Akageuka. Akageuka vipi? Amefumba macho! Juu ya genge! Chekeni tu, ingekuwa nyinyi mngefanyaje?

"Wee Mwadime!" sauti ikamkemea. "Fumbua macho, utakufa na adabu zako!"

Akafumbua. Mkwe amesimama, upepo umemnyang'anya shuka, inaelea kule chini. Machozi yanamtoka.

"Miguu imekataa," akasema. "Nimezaliwa huku, nimezeeka huku, navuka nikitazama vidole vyangu. Sikujua, baba. Sikujua kuwa ni kubwa hivi."

Mwadime naye akatazama. Mto ule uliowalowesha asubuhi sasa ni uzi mweupe, na ngurumo yake inapanda mpaka kifuani. Waliogopa wote wawili, na kuogopa kule kulikuwa kutamu.

Kisha wakamkumbuka Mkawasi.

"Mama, nitakugusaje?"

"Mkwe haguswi," akajibu Bi Wakesho. "Lakini mimi leo si mkwe. Mimi leo ni mzigo. Mzigo hauulizwi ukoo wake. Inama!"

Akainama, akambeba mgongoni, polepole, polepole, polepole.

"Mzigo, upo?"
"Nipo, baba. Hebu ona, upinde wa mvua uko chini yetu!"

Jioni wakafika. Wazee wamesimama mlangoni, wamekunja nyuso.
"Mwadime! Umembeba mkweo?"
"Mkwe sijamgusa, wazee wangu. Nimeleta mzigo."

Mzigo wenyewe ulikuwa umeshaingia ndani. Mara wazee wakasikia kilio cha mtoto mchanga. Mmoja akakohoa. Mwingine akasogea, akampisha Mwadime mlangoni.

Tangu siku ile, pale Ukingoni hakuna mkwe. Kuna mbebaji na mzigo, na wote wawili hutazama.

Ngano imefika!
— Imefika!
Vumbi limeoshwa?
— Limeoshwa!
Basi iacheni ilale, imetembea kutwa.