Mistari Minne ya Mzee Miche

Ko! Ko! Ko! Mlio huo ulipenya dirishani kabla jua halijachungulia vizuri, ukamkuta Mzee Miche akipuliza chai yake. Kikombe kikasimama nusu ya safari. Mtu aliyeishi na misonobari tangu ujana wake haulizi kinachokatwa. Shoka likigonga mti mkavu hulia kama ngumi mlangoni. Likigonga mti mbichi hulia kama ngumi kifuani. Huu ulikuwa mti mbichi, na mlio ulitoka upande wa kinga ya moto.

“Ameanza,” alisema.

“Mwanao si alikuambia ataanza?” mkewe alijibu huku akimenya viazi. “Tena hakukuambia mara moja tu. Masikio ulikuwa nayo, ila uliyanyima kazi.”

Jina la Mzee Miche hakupewa bure. Mzee huyo hakuweza kuona ardhi tupu akaivumilia. Alichomeka mche nyuma ya choo, akachomeka kando ya bomba, akachomeka hata pale pa kuanikia nguo, mpaka mkewe akamwuliza kama naye akisimama sana uani atapandiwa mmoja utosini. Lakini mkono huohuo wenye kiherehere ndio uliouvika mlima mzima misonobari. Alianza na jembe moja na kopo la kumwagilia, watu wakamcheka. Sasa waliomcheka walipita chini ya mlima wakiinua shingo kama wanaotafuta mwezi.

Katikati ya shamba, enzi za akili tulivu, mzee aliacha ukanda mpana wa ardhi tupu uliolikata shamba nusu mbili, ya juu na ya chini. Hiyo ndiyo iliyoitwa kinga: moto ukiwaka upande mmoja, ufike hapo ukose cha kula. Lakini utupu ule ulimwasha kama upupu. Mwaka mmoja alipanda mstari pembeni. Mwaka uliofuata akauongezea mwenzake. Mwishowe mistari minne ikaifunga kinga kama meno yafungavyo kinywa. Na kwa kuwa miche ile ilipata mwanga tele ikiwa michanga, ilinenepa na kunyooka kuliko yote. Ikawa mboni ya jicho lake.

Magoti yalipomsaliti, alimkabidhi usimamizi binti yake. Wafanyakazi walimwita Mama Mistari, maana alikuwa akisimama mwanzo wa mstari, akafumba jicho moja, na mti uliopinda ukajua siku zake zimehesabiwa. Alipanda ngazi mwenyewe kupogoa matawi ya chini ili mbao zije bila mafundo. Aliondoa miti dhaifu ili yenye nguvu ipate nafasi ya kutanuka. Alikuwa na jicho la mshona nguo: wengine waliona kitambaa, yeye aliona vazi. Ukimwona juu ya ngazi, kilemba kimejaa vumbi la mbao na mdomo ukiimba, ungesema miti ile inamsikiliza.

Ni yeye aliyekwenda kumwambia baba yake ukweli.

“Baba, kinga haipo tena. Nusu ya juu ikiwaka, na ya chini itawaka. Tutabaki na majivu.”

“Tangu nipande mti wa kwanza, moto haujawahi kupanda mlima huu.”

“Hata mwizi, baba, ana siku yake ya kwanza.”

Mzee aligonga fimbo sakafuni. “Pogoa utakavyo. Punguza vilema vyako. Lakini mistari minne ile ni macho yangu. Ukiigusa, usiniite baba tena!”

Binti alimpenda mzee yule kuliko alivyoweza kusema, na alilipenda shamba kwa sababu ya mzee yule. Wahenga walikwisha kulipima jambo la namna hii: mtu akiwekwa kati ya hasara mbili, aikubali ndogo kwa hiari kabla kubwa haijamkuta kwa nguvu. Ni rahisi kuyasema hayo. Kuyatenda mbele ya mzazi ni kumeza kaa la moto.

Asubuhi ile, fundi mkuu wa wakataji alikataa katakata. “Mama Mistari, laana ya mzee mimi siibebi. Mgongo wenyewe huu mbovu tayari.”

“Nipe shoka,” akasema. “Aliyeamua ndiye akate wa kwanza. Kama kuna laana, inikute mimi nimesimama.”

Ndiyo maana mlio ule ulikuwa wa mkono wake.

Magogo yaliburutwa, matawi yakaondolewa mpaka la mwisho, ardhi ikalimwa ikabaki nyekundu na tupu. Mzee alijikongoja hadi pale. Visiki vilikuwa vikitoka utomvu.

“Umelinyoa shamba langu upara,” alisema.

“Ndiyo, Mzee.”

Neno hilo “Mzee” lilimchoma kuliko visiki. Binti alikuwa amemtii katika lile moja.

Tangu siku hiyo mzee aligeuza kiti chake, akaupa mlima mgongo. Binti alikuja kila asubuhi kumsalimu. “Shikamoo, Mzee.” “Marahaba,” aliujibu ukuta. Mkewe akasema, “Bwana wee, umenuna mpaka kiti nacho kimenuna.” Mzee hakucheka.

Kiangazi kilikuja na meno. Nyasi zilikauka zikawa kama karatasi. Adhuhuri moja, mtu wa ng'ambo ya mlima alichoma magugu shambani kwake, upepo ukamnyang'anya moto. Kabla fundi mkuu hajamaliza kupiga kelele, nusu ya juu ilikuwa ikinguruma. Moto uliruka kutoka kilele hadi kilele kama tumbili mwenye wazimu, ukateremka mlima.

“Kingani!” Mama Mistari alipaza sauti. “Kila mtu na tawi bichi! Cheche ikianguka, iue!”

Walijipanga kwenye ardhi nyekundu, macho yakiwachuruzika. Moto ukafika ukingoni. Ukanyoosha ulimi, ukalamba udongo, ukakosa. Ukarusha cheche, watu wakazipiga. Katikati ya moshi binti aliona mtu akichechemea kutoka chini, tawi mkononi, akipiga cheche kama anayelipiza kisasi.

“Mzee, rudi! Magoti yako!”

“Magoti yangu yasubiri zamu yao!”

Jua lilipoanza kuegemea, moto ulikufa kwa njaa. Nusu ya juu ilikuwa mkaa. Nusu ya chini ilisimama, kijani, ikivuma kwa upepo uleule.

Mzee Miche aliketi juu ya kisiki kimoja cha mistari yake. Machozi yalichora njia mbili kwenye masizi ya uso wake: ya alichopoteza, na ya alichobaki nacho.

“Miti hii ingekuwepo,” alisema taratibu, “ingekuwa utambi. Mimi niliiita macho yangu, kumbe napanda utambi.” Kisha akainua uso. “Mbona husemi kitu?”

“Niseme nini, Mzee?”

“Neno lile nililokukataza. Liseme.”

Binti alichuchumaa mbele yake. “Baba.”

Mzee aliomba jembe. Watu wakatazamana, fundi mkuu akamnong'oneza mwenzake, “Tumekwisha, anataka kupanda tena.” Lakini mzee aling'oa kwa jembe hilo gugu moja lililochipua kando ya kisiki, akalitupa mbali, akamshika binti yake mkono mbele ya wote, mkewe naye akiwa amefika kutoka nyumbani.

“Nakuahidi, mwanangu, mama yako akisikia na hawa wote wakisikia: mche wangu hautagusa kinga hii tena. Nitaipalilia kwa mikono yangu ibaki tupu, na atakayeniuliza kwa nini napalilia pasipopandwa kitu, nitamwambia nilifundishwa na mtoto wangu kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili.”