Njia ya Mdudu

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hadithi hii inawapinga: wapo wanaovunjika guu kwa kusikia kila la mkuu.

Chinatsu Kuwabara alikuwa msaidizi wa Profesa Shirasawa katika chuo kimoja cha Kyoto, akingoja barua yake ya kumpendekeza kwa kazi ya kudumu. Profesa alijijengea jina kwa hadithi moja ya kale iliyoandikwa kwa mkono. Katika hadithi hiyo mke anafariki, kisha mumewe anamwandikia barua ya mapenzi. Kwa miaka thelathini wanafunzi walitokwa na machozi wakimsoma mgane yule akimbembeleza marehemu. Muroi, msaidizi mwenzake Chinatsu, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya barua hiyo.

Juni moja, mvua ikinyesha kama iliyotumwa, Chinatsu alikilaza kitabu cha kale chenye hadithi hiyo juu ya mto wa pamba, akafunua karatasi moja moja. Mdudu wa vitabu hula kwa kupenya, hivyo tundu la karatasi moja huendelea kwenye ya pili. Hapa njia ya mdudu ilikatika kwenye barua, ikaibukia karatasi nane nyuma. Aliyekishona upya kitabu hapo zamani alichanganya mpangilio wa karatasi; mahali pa barua ni kabla ya kifo cha mke. Barua ile iliandikiwa mtu aliye hai.

Alipomwonyesha Muroi, huyo alikiri kwamba aliyaona matundu hayo miaka minne iliyopita. Profesa alimwambia anyamaze, akanyamaza, akaandika kitabu chake.

Profesa alimwita Chinatsu, akammiminia chai.

"Binti, siku hizi wadudu ndio wahakiki?"

"Angalau hawana cheo cha kulinda, Mwalimu."

Profesa akamtaka aiondoe mada aliyoiandaa juu ya matundu hayo kwenye mkutano wa wataalamu, la sivyo asahau barua ya kumpendekeza. Chinatsu aliinama kwa adabu, akaenda akaisoma mada yake. Wazee wa fani waliagiza kitabu kiletwe, wakayafuata matundu kwa kijiti cha mwanzi, wakakubali.

Profesa alitikisika tu, kama mbuyu. Aliyeanguka ni Muroi: mchapishaji alikiondoa kitabu chake madukani. Barua ya Chinatsu haikuandikwa.

Profesa alimkuta akifungasha vitu vyake.

"Umemvunja mwenzako guu. Kamwombe radhi, kisha uniombe na mimi."

"Muroi alivunjika kwa kusikia kila la mkuu, Mwalimu. Radhi siombi."